Nusu sekunde kati ya kidole na jicho

Walibaki wawili kwenye uwanja wa peintiboli, mchezo wa kupigana kwa risasi za rangi. Kijana wa kikosi cha pili alikuwa nyuma ya rundo la matairi ya lori. Dada wa kikosi chetu, ambaye siku za kazi ni mhasibu wa duka la vipuri mjini Kampala, alikuwa amejibana nyuma ya gogo la mkaratusi. Kati yao palikuwa na tope jekundu la mvua ya asubuhi na umbali wa mita 30 hivi.

Kijana ndiye aliyeanza. Ana kidole chepesi kuliko mtu yeyote ninayecheza naye. Risasi za rangi ya chungwa zilitoka mfululizo, zikapita juu ya gogo, zikaenda kupasukia kwenye miti ya nyuma. Dada hakujibu. Alisubiri mfululizo ukatike, akachungulia, akapiga moja. Ilipasuka kwenye tairi la juu, kushoto kidogo ya barakoa ya kijana. Akarudi chini. Akachungulia tena, akapiga mbili za haraka, na ya pili ikatua begani.

Wakati huo hopa ya kijana, kile chombo cha risasi juu ya bunduki, ilikuwa tupu.

Refa wetu ni mzee mstaafu wa jeshi. Sote tunamwita Afande, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kifupi na kilichonyooka. Alimfuata kijana, akamshika bega, akamwambia taratibu: "Wewe umepiga kelele. Hujapiga mtu."

Watu wakaenda kula roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai. Mimi niliondoka na ile kauli, na imenisumbua wiki nyingi, kwa sababu sikuwa na hakika kwamba ni kweli.

Methali mbili

Palepale kwenye roleksi mtu alisema haraka haraka haina baraka, na wote wakaitikia. Lakini wazee haohao walituachia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Ukicheza peintiboli hata mchana mmoja tu utaziona zote mbili zikitimia: mwenye pupa anabaki na bunduki tupu, na mwenye kusubiri sana anafikiwa ubavuni akiwa bado anatafuta shabaha.

Na yule kijana nimemwona akishinda, tena si mara chache. Nimemwona akiwafungia watu watatu nyuma ya ukuta mmoja wa mbao, hakuna aliyethubutu kutoa hata kiwiko, mpaka wenzake wakawafikia kwa nyuma. Je, siku hiyo nayo alikuwa anapiga kelele?

Kama kasi ni upungufu wa akili, mbona inashinda?

Hesabu ya kumimina

Wanaoitetea kasi wana hoja, na hoja yao ni ya hesabu. Tuseme kwa umbali ule kila risasi ina nafasi 1 kati ya 10 ya kumpata mtu. Ukipiga moja, una asilimia 10. Ukipiga 10, nafasi ya kupata angalau moja inafika takriban asilimia 65. Ukipiga 20, inafika karibu asilimia 88. Kwa kidole kinachotoa risasi 8 kwa sekunde, hizo 20 ni sekunde mbili na nusu tu. Nani atakataa biashara hiyo?

Niliikubali hesabu hii kwa muda mrefu. Kisha nikaona inapoficha tatizo lake.

Inachukulia kwamba kila risasi inakosea kivyake, hii kulia, hii kushoto, hii fupi. Na kweli yako makosa ya namna hiyo. Risasi ya rangi ni kidonge cha jelatini chenye upana wa milimita 17 hivi na uzito wa gramu 3 hivi, kina mshono, na hakiwi duara kamili. Mtutu wa bunduki ya vita una mifereji inayoizungusha risasi ili inyooke hewani; huu wetu kwa kawaida ni laini ndani, na kidonge kinatoka kikiyumba kinavyotaka. Hata ukiifunga bunduki kwenye meza, risasi mbili hazitui mahali pamoja. Kosa hilo linatibiwa na wingi.

Liko kosa jingine ambalo wingi hauligusi. Mtutu ukielekea juu mno, risasi zote 20 zinaurithi mwelekeo huohuo. Ndicho kilichotokea siku ile. Nilikwenda baadaye kuitazama miti iliyokuwa nyuma ya gogo, na madoa ya chungwa yalikuwa yamekusanyika kwenye mashina mawili, kwa kimo kinachokaribiana, juu kabisa ya mahali kichwa cha dada kingeweza kufika. Kijana alikuwa na shabaha nzuri. Alikuwa anapiga mahali pamoja bila kukosa, ila mahali penyewe hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo swali likawa jingine: kwa nini hakuushusha mtutu?

Nusu sekunde

Katika mchezo huu risasi inaonekana ikienda. Unaifuata kwa macho mpaka inapotua. Na ni lazima uifuate, kwa sababu barakoa inakuzuia kulaza shavu kwenye bunduki na kuchungulia mstari wa mtutu inavyotakiwa. Wengi wetu tunatazama juu ya mtutu, tunapiga, tunaona imeangukia wapi, tunarekebisha. Risasi ya kwanza ni swali, na jibu linarudi kwa njia ya macho.

Linarudi baada ya muda gani?

Viwanja vingi vinazuia bunduki za kukodi zisizidi kasi ya futi 280 kwa sekunde, yaani mita 85 hivi. Lakini kidonge ni chepesi na kipana, hewa inakipunguza mwendo upesi. Nilipopiga hesabu pamoja na ukinzani wa hewa, mita 30 zilitoka karibu nusu sekunde.

Kwa kidole cha risasi 8 kwa sekunde, hiyo ina maana kwamba risasi ya kwanza ikitua, nne nyingine ziko tayari hewani au ndiyo kwanza zinatoka mtutuni. Ongeza sehemu ya tano ya sekunde, ambayo ndiyo karibu kasi ya binadamu yeyote kuona jambo na kuanza kulitendea, na risasi nyingine moja au mbili zimeondoka. Tano au sita zimekwenda na habari za zamani kabla ya mkono kuanza kusogea. Na kwa kuwa kijana hakukatiza, mbele ya macho yake kulikuwa na mkururo wa risasi angani, kila moja ikimweleza alichofanya nusu sekunde iliyopita.

Hapo nikakumbuka kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Woodworth, ya mwaka 1899. Aliwapa watu penseli, akawataka wachore mistari ya urefu uliowekwa wakifuata mdundo wa metronomu, kifaa cha kupigia mapigo, mara macho yakiwa wazi, mara yamefumbwa. Mdundo ukiwa wa polepole, wenye macho wazi walikuwa sahihi zaidi kwa mbali. Kadiri mdundo ulivyoongezeka, faida ya macho ilipungua, na ulipofika karibu nusu sekunde kwa mchoro mmoja au chini ya hapo, macho wazi hayakuwa na ubora wowote juu ya macho yaliyofumbwa.

Nusu sekunde ya Woodworth ni ya mkono na jicho. Yangu ni ya kidonge hewani. Ni vitu viwili tofauti na sitaki kuvichanganya. Lakini matokeo yake kwa mtu aliyejificha nyuma ya matairi ni mamoja: juu ya kasi fulani, kutazama hakumsaidii tena.

Kisha nikageuza hesabu. Je, kwa mita 10? Hapo risasi inafika kwa zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Jibu linarudi karibu sawa na kidole kinavyopiga. Unaweza kupiga upesi na bado ukaongozwa na macho yako.

Hili ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa natafuta mwendo mmoja wa kidole ulio sahihi, kumbe hauko. Umbali ndio unaoupanga.

Kidole cha dada

Jumapili moja nilimwomba dada apige kopo lililowekwa juu ya nguzo, nikasimama karibu na kiwiko chake.

Mtungi wa gesi, ambao hukaa nyuma ya bunduki kama kitako, ulikuwa umekaa karibu na mfupa wa kifua, si pembeni mwa bega, hivyo mtutu ukawa chini ya jicho lake. Viwiko vimebanwa. Macho yote mawili wazi. Kilichonishangaza ni kidole. Hakikuiacha triga hata mara moja. Baada ya kila risasi kilirudi nyuma kidogo tu, mpaka ule mlio mdogo wa triga kujipanga usikike, kisha kikasonga tena. Risasi mbili zake za haraka zilikuwa za haraka kweli. Kati ya ya kwanza na ya pili hakukuwa na tofauti na kasi ya kijana.

Nilipomtazama kijana kwa ukaribu uleule, vidole vyake viwili vilikuwa vinapokezana na vikiiacha triga kabisa, vikiipiga kutoka mbali, na kila kipigo kilisukuma bunduki. Mdomo wa mtutu ulikuwa unachora duara dogo hewani. Duara dogo mkononi ni mlango mzima kule mita 30.

Kwa hiyo hata ile hadithi ya "mwepesi dhidi ya mpole" haikuwa sawa. Dada si mpole. Anapiga upesi vipande vifupi, na kati ya kipande na kipande anasubiri habari.

Bunduki nayo hubadilika

Hili nitalipitia haraka, ingawa wenye viwanja wanalijua kuliko mimi.

Bunduki nyingi tunazokodi zinatumia kabonidioksidi. Ndani ya mtungi iko kimiminika, na kila unapopiga, sehemu yake inageuka gesi na kula joto. Ukipiga mfululizo mrefu, mtungi unapoa mpaka unatoa jasho, wakati mwingine jalidi, shinikizo linashuka na risasi zinaanza kudondoka kabla ya kufika. Risasi ya kwanza na ya 30 hazikutoka kwenye bunduki yenye nguvu ileile. Umeshajizoesha kimo fulani, na kimo chenyewe kimekuhama. Bunduki za hewa iliyoshindiliwa zina utulivu zaidi kwa hili.

Hopa ya kawaida nayo hutegemea risasi zianguke zenyewe. Kidole kikiitangulia, risasi inakutwa nusu mlangoni na kukatwa. Rangi inamwagika ndani ya mtutu, na kila inayofuata inapita kwenye utelezi na kupinda. Msimu wa mvua wa Machi hadi Mei ni mbaya zaidi, kwa sababu jelatini hunyonya unyevu: vidonge vinavimba, vinalainika, vinakwama. Mwenye haraka analipa gharama hizi zote kwanza. Kamba ya kufutia mtutu iwe mfukoni, si kwenye begi kule bandani.

Unamlaza ili nani atembee?

Bado lilibaki swali la siku ile ya watu watatu nyuma ya ukuta wa mbao. Pale kijana hakumgonga hata mmoja, na kikosi chake kilishinda kwa sababu yake. Hesabu yangu ya nusu sekunde ilikuwa inasema amekosea, na macho yangu yalikuwa yameona kinyume.

Nikamfuata Afande. Alikuwa amekaa chini ya mwembe anahesabu barakoa.

"Jambo Afande. Ile kauli yako ya kelele imenishinda."

Nilimweleza yote, mpaka Woodworth na penseli zake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka barakoa chini.

"Iko risasi ya kugonga," akasema, "na iko risasi ya kulaza. Ya kulaza haitafuti mtu. Inatafuta mtu asiinue kichwa, ili mwenzako atembee. Siku ya ukuta, kijana alilaza, wenzake wakatembea. Vizuri sana. Siku ya gogo amebaki peke yake. Sasa unamlaza ili nani atembee?"

Sikuwa na la kuongeza.

Nilikaa nikiipitia michezo yote ninayoikumbuka, na ikajipanga upya. Mwanzoni, filimbi inapolia na watu wanakimbilia maficho, hupigi mtu. Unapiga njia atakayopita. Unaijaza hewa rangi ili akimbilie ndani yake mwenyewe. Pale kasi ndiyo shabaha, na habari ya risasi ya kwanza haihitajiki sana kwa sababu njia haihami. Mashindano makubwa ya nje yanaweka kikomo cha takriban risasi 10 kwa sekunde, na wachezaji wanakitumia chote katika dakika hiyo ya kwanza. Baadaye, watu wakishajificha, kinachoonekana ni ukingo wa barakoa na nusu ya hopa. Hapo kinahitajika kipande kifupi, jicho, kipande kifupi.

Ugumu uko kwenye kugeuka. Kidole kilichokuwa kinafunga njia sekunde mbili zilizopita kinatakiwa kigeuke kiwe cha kugonga, na mwili hautaki, mapigo ya moyo yako juu, masikio yamejaa milio. Kijana hakukosa shabaha wala kasi. Mchezo ulibadilika mikononi mwake, wenzake wakatolewa mmoja mmoja, na kidole kikabaki katika kazi ya zamani.

Na tukumbuke mchezo huu ulikotoka. Tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker, New Hampshire, Marekani, watu 12 waliingia msituni na bastola zilizotengenezwa kwa kutia alama miti na ng'ombe, kila mmoja akitafuta bendera. Aliyeshinda alikuwa mtu wa kazi za misitu. Alikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata risasi moja.

Aliyekwisha kutoka

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha viwanjani kwetu, na kwangu ni zito kuliko kushinda.

Nimesema kwa mita 10 kidole kinaruhusiwa kwenda mbio kwa sababu macho yanakiwahi. Lakini kwa umbali huo risasi inauma. Aliyepigwa anahitaji muda ajue amepigwa, kisha ainue mkono, na wewe unahitaji muda uuone mkono huo. Kwa risasi 8 kwa sekunde, katika muda huo anapata nyingine nne au tano mwilini. Nimewaona watu waliokuja kucheza kwa mara ya kwanza wakiondoka na alama mgongoni na hawakurudi tena. Dada mmoja aliyekuja na wafanyakazi wenzake aliketi bandani na barakoa magotini, akasema alishasalimu amri na bado zikaendelea.

Kidole kisichoweza kusimama si chepesi. Kimeshindikana. Kwangu uwezo wa kukata mfululizo ni sehemu ya shabaha, sawasawa na kulenga, na natamani marefa wautoze adhabu kama wanavyomtoza anayefuta rangi ili ajifanye hajapigwa.

Namna nzuri ya kuujenga uwezo huo ni kutia risasi chache. Hopa kamili huchukua 200 hivi, na mwenye 200 anazitumia kama 200. Mwenye 40 anazifikiria.

Tunachojaribu sasa

Tumeacha kupigia kopo lililosimama wakati wote wa mazoezi. Mtu anaanza kwa kufunga njia kati ya miti miwili kwa kasi yake yote. Refa akipiga filimbi anakata, anashusha pumzi, kisha anapiga mbili kwenye kibao kidogo cha mita 30, anangoja zitue, anarekebisha, anapiga mbili nyingine. Kijana alilichukia zoezi hili mwanzoni. Sasa ndiye anayelidai, na kipande chake cha pili kinagonga mara nyingi kuliko cha kwanza. Kwa miezi yote niliyomwona akicheza, sikuwahi kuona hilo.

Kubwa zaidi ni mtazamaji. Kama habari inachelewa kwa nusu sekunde na mpigaji amefunikwa na milio na moshi wa pumzi ndani ya barakoa, basi mwenzake aliye pembeni, asiyepiga, anaona vizuri kuliko yeye zinakotua. Kazi yake ni kuita. Katika kikosi chetu wamo watu wa Goma, wa Arusha, wa Mombasa na Wanubi wa Bombo, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha, kwa hiyo tunaitana kwa Kiswahili: juu, chini, ndani, nje. Kulia na kushoto tumeziacha, maana kulia kwa mtazamaji aliyekaa ng'ambo ni kushoto kwa mpigaji. Ndani ni kuelekea katikati ya uwanja, nje ni kuelekea ukingoni.

Kwa mtu aliyejificha mahali pamoja, inafanya kazi vizuri mno. Kipande cha kwanza, "chini", kipande cha pili, na mara nyingi yamekwisha.

Tunachoshindwa bado ni kumwachia mtazamaji aamue wakati wa kugeuka, aseme sasa acha kulaza, anza kugonga. Tumejaribu, na neno linakuja limechelewa, kwa kuwa naye anangoja risasi itue. Afande anasema hatuhitaji neno, mpigaji ahesabu tu wenzake waliobaki uwanjani, na akibaki peke yake ajue kazi imebadilika. Kijana anasema kuhesabu watu na kupiga kwa wakati mmoja hakuwezekani. Wiki ijayo tutakitenga kipindi kizima kwa hilo, na hopa za risasi 40.